Bonyeza Kijani

Zegereni, Kibaha
Jumanne, 5 Agosti 2025

Kaka Kadiri,

Basi wakamtoa pale kiwandani kwenye meza ya kufungia mabati mbele ya watu wote, glavu bado ziko mkononi, na Ponsiano nyuma yake kama anaswaga ng'ombe. Shikamoo nitakupa mwishoni kaka, kwanza hili nilitoe lisinipotee. Mwanajuma anauliza, "Jamani nimefanya nini?" Wamemweka ofisini tangu saa tatu mpaka mchana, ametoka macho yamevimba. Wamemwambia asifunge mzigo tena mpaka waamue.

Mwanajuma ni yule mama wa Mlandizi niliyekwambia, anayenigawia kiporo chake cha wali asubuhi. Ananiita baba wa geti.

Wanasema Jumamosi aliruhusu gari la mabati litoke. Lile gari halikutakiwa kutoka. Ponsiano, msimamizi wa zamu, alikuwa amelizuia kwa sababu karatasi za dereva zilimtia shaka. Mpaka leo halijafika lilikokuwa linaenda na simu ya dereva haipatikani. Wamefungua ule mfumo wa kompyuta uliowatengenezea wakakuta imeandikwa: Imeruhusiwa na Mwanajuma, saa mbili kasoro dakika sita asubuhi.

Kaka, geti nilifungua mimi. Niliona kwenye kompyuta imeandikwa imeruhusiwa, nikasoma na jina. Nikajiuliza moyoni, kumbe Mwanajuma siku hizi anaruhusu magari? Nikaona aibu kuuliza. Unanijua. Nikavuta geti.

Sasa nikwambie nilichokiona. Hiyo kompyuta iko kwenye kibanda changu, nashinda nayo, nami siigusi ila kuandika jina langu nikifika. Lakini naitazama. Ponsiano huwa anaingia, anafungua ukurasa wake wa magari, halafu anatoka kwenda kukagua mzigo. Akikawia huko nje, mashine inamsahau. Akirudi akagusa, inamtaka aandike jina na paswedi upya. Kama ana haraka anaiacha hivyo hivyo anaondoka. Basi anayekuja baada yake akiandika jina lake, hapelekwi kwake. Anapelekwa kule Ponsiano alikokuwa anakwenda. Nimeona hivyo mara tatu. Mara mbili watu walishtuka wakaniita, nikawaambia wafunge waanze upya. Jumamosi Mwanajuma hakushtuka.

Na hakushtuka kwa sababu yako. Siku ile uliyokuja kuwafundisha ulisimama pale mlangoni na miwani yako ukasema, "Jina, paswedi, kijani. Msihangaike kusoma, nyie bonyezeni kijani, mfumo unajua pa kuwapeleka." Wakakupigia makofi. Mwanajuma anasoma kwa kufuatisha kidole kaka, na kila asubuhi kwenye ukurasa wake kitufe cha kijani ni cha kusema nimefika. Jumamosi cha kijani kilikuwa cha kuruhusu gari.

Njoo uwaambie. Hili ni jambo lako, wewe ukisema litaisha siku hiyo hiyo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikianza kugugumia unanikata. Nampa Zaidi, yule wa pikipiki anayetoa mihogo huko kuleta soko la Picha ya Ndege.

Shikamoo kaka. Mama msalimie.

Mwishehe


Kisarawe
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mwishehe,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka. Mdogo wangu umeanza uhandisi lini?

Sikiliza nikufundishe kidogo. Mfumo ule nimeuandika kwa Java, lugha ya kompyuta, siyo kitu cha kuokoteza. Mbele ya kila ukurasa nimeweka kitu kinaitwa filta. Hiyo filta ni mlinzi, kama wewe hapo getini. Mtu akitaka ukurasa na hajaingia, filta inamrudisha kwenye jina na paswedi, na mfumo unakumbuka alikuwa anataka kwenda wapi. Akishaandika jina unamwelekeza moja kwa moja hapo, asipate tabu ya kuanza upya. Huo ni ustaarabu tu, mifumo mikubwa yote inafanya hivyo. Mtu hawezi kwenda asikoruhusiwa.

Huyo mama wako wa wali kuna namna. Inawezekana kabisa alipewa paswedi ya Ponsiano. Mjini hapa watu wanauza hata mama zao.

Halafu kila mlango mtu anaopitia unaandikwa, kumbukumbu zote zinakuja huku kwangu. Nimeangalia ya Jumamosi. Hamna kitu.

Sasa nijibu hili kwanza kabla ya yote: umemwambia nani mwingine? Na haya mambo usiniandikie kwenye simu, meseji zinabaki. Karatasi ukishasoma unachoma, nawe fanya hivyo na hii.

Mama hajambo, magoti tu. Jumatano nampeleka kliniki Tumbi, huko kwenu Kibaha. Anauliza kama unakula.

Kaka yako,
Abdulkadiri


Zegereni
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kaka,

Barua nimechoma. Lakini kabla ya kuchoma niliisoma taratibu, na kuna mahali sijaelewa. Unasema labda alipewa paswedi ya Ponsiano. Angetumia paswedi ya Ponsiano si mfumo ungeandika Ponsiano? Mbona umeandika Mwanajuma? Labda mimi ndiye sijui, niliishia la tano.

Leo nimejaribu mwenyewe. Ponsiano alifungua ukurasa wa magari akaenda kukagua gari la Chalinze, akakawia kule anabishana na utingo. Karudi, kagusa, imemtaka jina, kasonya, kaitwa stoo. Nikatazama huku na huku hamna mtu. Nikaandika jina langu na paswedi yangu, Mwishehe, mfungua geti. Kaka, imenipeleka kwenye magari. Gari la Chalinze liko pale, kitufe chekundu cha kuzuia, kijani cha kuruhusu. Mimi. Nikairudisha mikono mapajani. Ningebonyeza ningekuwa nimelitoa.

Basi yule mlinzi wako wa ndani anauliza umeingia au hujaingia. Hamuulizi mtu wewe ni nani. Mimi hata hapa getini siwezi kulinda hivyo, mtu akivaa sare tu nimpitishe.

Umeuliza nimemwambia nani. Nimemwambia Maua wa ofisini, yule anayepokea barua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwambia meneja. Meneja amesema Jumatatu saa nne atashuka mwenyewe kibandani nimwonyeshe. Kaka wewe! Mimi niongee mbele ya meneja! Lakini nimesema ndiyo, kwa sababu Jumatatu hiyo hiyo ndiyo wanaamua habari za Mwanajuma. Ana watoto wanne, mdogo bado anabebwa. Leo alikuja kukaa nje ya geti na khanga yake, hajaruhusiwa kuingia, nikamwambia Jumatatu yataisha. Akasema, "Wewe baba wa geti usinitanie." Nikamwambia sitanii.

Njoo Jumatatu basi, nawe uwepo. Ukiwepo sitagugumia sana.

Mwishehe


Kisarawe
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mwishehe,

Usiguse tena hiyo kompyuta. Usiongee na mtu. Jumatatu tulia, mpaka saa nne nitakuwa nimeshalimaliza.

Zaidi ana haraka. Choma.

A.


Zegereni
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Abdulkadiri,

Uliposema utakuwa umeshalimaliza nilijua unakuja. Tangu saa mbili naangalia barabara. Kila gari likipunguza mwendo nasema huyo. Nilimwambia hata Mwanajuma, maana leo walimwita ndani asikie uamuzi, kaka yangu aliyeutengeneza mfumo anakuja. Akaenda kunawa uso bombani.

Saa nne wameshuka meneja, Maua, Ponsiano, na wawili wengine siwajui. Kibanda kikajaa. Nikaeleza. Nimeeleza vibaya, lakini nimeeleza. Meneja akasema haya, onyesha. Ponsiano akaingia, akafungua magari, tukaiacha mashine mpaka ikamsahau. Nusu saa nzima tumesimama tunatazamana, meneja anaangalia saa yake. Ponsiano akagusa, ikamtaka jina. Nikasema, "Sasa naandika la kwangu mimi." Nikaandika.

Ikanipeleka kwangu. "Karibu Mwishehe", na kitufe cha nimefika.

Tukarudia. Nusu saa nyingine. Kwangu tena. Safari hii Ponsiano akaandika anwani ya ule ukurasa mwenyewe kwa vidole, mimi nikiwa ndiye nimeingia. Ukatokea ukurasa mweupe umeandikwa: Huna ruhusa. Hilo neno halikuwepo humo ndani kaka. Jumamosi nilipojaribu halikuwepo.

Ponsiano akacheka mpaka akashika ukuta. "Mlinzi kawa injinia! Bosi, mpeni huyu kompyuta, geti nifungue mimi." Yule mmoja nisiyemjua akauliza kama mimi na Mwanajuma tuna undugu. Mwingine akasema labda zaidi ya undugu. Nikasema, "Ilikuwa inafanya, wallahi ilikuwa inafanya." Maneno yakanikwama pale kwenye "ilikuwa", nikayarudia kama mtoto. Meneja hakunigombeza. Alinigusa bega akasema, "Rudi kazini kijana." Afadhali angenigombeza.

Mwanajuma alikuwa nje anaona yote kupitia dirishani. Amekunja khanga yake akaondoka, nami nikamfungulia geti.

Nimefikiria toka mchana. Hujaja, lakini umefika. Umekaa hapo kwa mama umeingia humo ndani umeziba, kabla hatujaangalia. Niambie nimekosea.

Mwishehe


Kisarawe
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Hata shikamoo siku hizi hamna. Sawa.

Hujakosea. Nilirekebisha Jumapili usiku. Wewe si ndiye uliyeniambia kuna tatizo? Fundi akiambiwa bomba linavuja anafanyaje, analiacha livuje ili watu waje kutazama? Au ningemwacha mtu mwingine aruhusu gari jingine? Kwa hiyo kosa langu ni nini hasa?

Haya, umetaka kujua, jua. Yalikuwa makosa mawili. La kwanza, ukurasa ambao mtu alikuwa anautaka niliuhifadhi kwenye sesheni, yaani kile kijimfuko ambacho mfumo unafungulia kivinjari chako ukianza kukitumia. Mtu mwingine akiingia kwenye kompyuta hiyo hiyo nilitakiwa nitupe mfuko wa zamani nifungue mpya. Sikuutupa. La pili ulilisema mwenyewe, filta ilikuwa inauliza kama mtu ameingia, haiulizi cheo chake. Mistari sita tu Mwishehe. Niliandika kwa haraka, walitaka mfumo uanze tarehe moja. Nikasema nitarudi kumalizia. Sikurudi.

Na ndiyo, kumbukumbu za Jumamosi zinaonyesha. Ponsiano anatupwa nje saa mbili kasoro kumi, Mwanajuma anaingia saa mbili kasoro saba kwenye mashine hiyo hiyo, anaelekezwa kwenye magari bila kuomba. Nimeziangalia mara nyingi kuliko unavyodhani. Zinakaa siku thelathini, halafu zinajifuta zenyewe. Mimi sijazigusa.

Sasa nielewe na mimi. Viwanda viwili vingine huko Zegereni vimeniita, wameona kazi yangu. Nikisimama kusema mfumo wangu ulitoa gari la watu, nimekwisha. Hakuna atakayenifungulia mlango tena. Nikifungiwa mimi, mama anaishi na nini? Na mshahara wako wa geti? Nani alikutafutia hilo geti?

Mwambie huyo mama akubali yaishe, aondoke kimya kimya. Nikipata hivi viwanda nitamtafutia kazi ya usafi. Naapa.

Jana nilikuwa Tumbi na mama. Alitaka tupitie kwako, nikamwambia uko zamu.

Choma hii kuliko zote.

Kadiri


Zegereni
Ijumaa, 15 Agosti 2025

Kaka Kadiri,

Shikamoo.

Barua yako Zaidi kaniletea asubuhi hii, nikaisoma mara moja nikaichoma. Nimechoma zote tano... hapana, tatu, zako ni tatu. Nimezichoma kama ulivyosema, sina hata kipande. Usidhani nimekutunzia.

Ninavyoandika, Mwanajuma amekaa kwenye benchi la kibandani kwangu, ameangalia ukuta. Jana jioni meneja alilipeleka jambo polisi. Leo wamemtoa kwake Mlandizi wakamleta hapa aonyeshe alisimama wapi, alibonyeza nini. Wamekuja wawili, afisa na dereva. Afisa akamwambia, "Mama, onyesha." Akasimama mbele ya kompyuta, akanyoosha kidole, akasema, "Niliandika jina, nikaandika paswedi, nikabonyeza kijani. Ndivyo tulivyofundishwa." Afisa akauliza, "Ulisoma kilichoandikwa?" Akasema, "Tuliambiwa tusihangaike." Ponsiano yuko mlangoni akasema, "Ona anavyojifanya mjinga." Mwanajuma akamgeukia, akamwambia, "Ponsiano, mimi sijifanyi. Kusoma sijui vizuri, na wewe unajua, maana fomu zangu unanijazia wewe." Nafikiri ilimwingia Ponsiano, maana aliondoka.

Afisa akaanza kukusanya karatasi zake. Akasema mama utaenda nasi, huko mbele utaeleza. Nikaona akishapanda lile gari tena basi.

Nikasema nina neno.

Niligugumia kaka, sijawahi kugugumia vile. Dereva akageuka pembeni kuficha kicheko. Yule afisa akaweka simu yake mfukoni akavuta stuli akakaa. Akasema, "Sema taratibu, mimi sina haraka." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, hata wewe. Nikasema geti nilifungua mimi. Jina la Mwanajuma nililiona, nilijua hana ruhusa hiyo, na nikafungua kwa sababu niliona aibu kuuliza. Nikasema na habari ya mashine kumsahau Ponsiano. Akasema, "Hilo si mlijaribu Jumatatu likashindikana?" Nikasema lilizibwa Jumapili. Akauliza, "Nani alikwambia?" Nikaangalia geti. Akauliza, "Kuna mahali limeandikwa?" Nikasema mfumo unaandika kila mlango mtu anaopitia, na ya siku ile bado ipo, ila itajifuta tarehe moja. Akauliza, "Iko kwa nani?"

Mwanajuma aligeuka kuniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nikasema, kwa kaka yangu.

Sasa afisa yuko ofisini anaandika maelezo ya meneja, akimaliza wanakuja huko. Wanapita kwanza kituoni kuandikiwa karatasi ya upekuzi, halafu Kisarawe. Zaidi yuko hapa nje anasubiri hii barua, nimemwambia asipite Picha ya Ndege, aje moja kwa moja kwako kwa njia ya Kiluvya. Utaisoma saa moja kabla hatujafika, labda na robo.

Ndani ya hiyo saa unaweza kuzifuta. Najua unaweza, kama uliweza kuziba kutoka kitandani. Ukizifuta hakuna atakayejua. Afisa atakuta hamna kitu, utamweleza kwa maneno yako mazuri, atakuamini kwa sababu wewe unaongea vizuri na mimi siongei. Mwanajuma ataondoka naye. Mimi nitafukuzwa, na hilo geti ulilonitafutia utampa mwingine.

Utasema kwa nini basi nakupa habari. Nilikuwa na nia ya kutokukupa. Halafu nikamfikiria mama, muda huu yuko nje anaanika mihogo, aone gari la polisi linaingia uani na mimi nimo ndani. Mwambie wewe kabla. Mwambie ukweli, yeye atakusamehe wewe haraka kuliko mimi. Mimi sijui lini. Ulinifanya mwongo mbele ya watu, tena kwenye kitu cha pekee nilichowahi kukijua kuliko wenzangu. Viwanda vyako viwili sikuvisahau, wala dawa za mama. Nimeviweka upande mmoja na huyu mama upande mmoja, na kila nikipima namwona yeye ananawa uso bombani kwa ajili yako.

Vaa shati. Washa kompyuta yako uifungue kwenye Jumamosi ile, waikute iko wazi, na useme mwenyewe kabla hawajakuuliza. Ile mistari sita waonyeshe. Mtu aliyeandika kwa haraka akasahau siyo mwizi. Wakikuta umefuta utakuwa kitu kingine, na mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama hapo nakuangalia.

Mwanajuma ameniuliza sasa hivi, "Huyo kaka yako ni mtu mwema?" Mpaka naandika hapa sijamjibu.

Lazima niondoke kaka. Wameshampandisha, gari linaunguruma, na afisa amesema nikae mbele na dereva kwa sababu mimi ndiye ninayeijua nyumba.

Mwishehe